Shemasi wa Stima

Mwimbaji anayepiga gitaa huku akiimba anasimama katikati ya stima mbili, mikondo miwili ya umeme. Moja iko kwenye nyuzi chini ya vidole vyake, nyingine iko kwenye maiki mbele ya midomo yake. Zikielewana, unaimba, harusi inaisha, unaenda nyumbani. Zikikosana, wewe ndiwe unayezipatanisha, na mwili wako ndio waya.

Mimi hayo niliyajua Kathonzweni, kwenye uwanja wa shule, mchana kweupe. Gitaa langu lilikuwa limechomekwa kwenye duka la jirani, na maiki ilikuwa inakula stima ya jenereta. Nani alijua kuna ubaya? Nilipoleta mdomo karibu, nikashikwa. Nasema kushikwa, sio kupigwa. Vidole vilifunga kwenye nyuzi vikakataa kufunguka, na meno yangu yalikuwa yanagongana mpaka nayasikia. Watu walidhani ni mtindo mpya wa kucheza, wakapiga makofi, haki ya Mungu. Kimeu, mpiga besi wetu na mkubwa wa bendi, ndiye aliyeng'oa waya kwa teke. Niliporudiwa na sauti nilimwambia atafute mtu wa stima anayejua kazi, ama atafute mwimbaji mwingine, kwa sababu mimi nina watoto.

Ndivyo tulivyompata Shemasi.

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilijua nyumba yake iko Kasikeu, nilijua alikuwa shemasi wa kweli katika kanisa moja la wokovu huko, na nilijua kwamba sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye maringo kumzidi. Alikuja kazini amevaa koti la suti na akala, vile viatu vya mpira wa gari. Ukimcheka, anakuambia koti ni la Mungu na akala ni za stima, kila mmoja amepewa heshima yake. Kabla hatujaanza kupiga, alitaka msema chochote wa sherehe atangaze kwamba mitambo imesimamiwa na yeye, na atangaze hivyo kabla ya kututaja sisi. Kimeu alikasirika mwanzoni. Baadaye akaacha, kwa sababu Shemasi asipotangazwa alikuwa anasimama kando ya jenereta amefunga mikono, na jenereta haiwaki.

Kazi yake ilikuwa ya kuchosha kuitazama. Kwanza alizunguka mahali pote akitafuta stima inatoka wapi. Akikuta watu wametuwekea waya uliovutwa kutoka kwa nguzo bila kupitia mita, anageuka anarudi kwenye gari bila kuaga. Akikubali mahali, basi kila kitu kilichomekwa hapo hapo: spika, ampi, kinanda, maiki, hata taa. "Mama mmoja, chungu kimoja," alisema. Asiyetaka kuchomeka hapo akapige ngoma ya ngozi. Waya wa ekstensheni alikuwa anaukunjua wote hadi mwisho, hata kama stima iko hatua chache tu, maanake waya uliojikunja ukibeba mzigo unajipika wenyewe. Soda juu ya ampi hakutaka kuiona. Mpiga kinanda wetu aliwahi kuweka chupa hapo, Shemasi akaichukua, akaimwaga polepole mbele yake, akamrudishia chupa.

Na alikuwa na sanduku lake la mbao lenye swichi ndani. Stima yote ilipitia humo. Ikipotea njia hata kidogo, ikaenda kwa mwili wa mtu badala ya kwa waya, ile swichi inajiangusha kabla hujamaliza kusema woi. Lakini alituambia sanduku hilo ni kipofu bila fimbo yake ya shaba. Fimbo ilikuwa ndefu, nene kama kidole gumba, na aliipigilia ardhini karibu na jenereta kwa nyundo, akaifunga waya. Stima ikikosea, lazima iwe na pa kwenda. Ikikosa pa kwenda inangojea mtu.

Mwisho kabisa ndipo alipopanda jukwaani. Anagusisha testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, kwenye maiki, anatazama kama kataa kake kanawaka, maana kakiwaka maiki ina stima. Kisha anaigusa maiki kwa mgongo wa mkono, huku mkono mwingine ameuweka mfukoni. Kwa nini mgongo wa mkono? Kwa sababu kiganja kikishikwa kinafunga, nami hilo sikuhitaji kuelezwa. Akimaliza ananiita kwa kidole. "Haya, mwiitu. Karibia." Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na nilikuwa na umri wa kuitwa mama na watu wazima, lakini kwake nilibaki mwiitu. Mpaka aseme karibia, mimi sikukaribia. Kimeu alikuwa ananisukuma, watu wanapiga miluzi, mimi nimesimama pale na gitaa mgongoni, naogopa kabisa na wala sioni haya kusema hivyo.

Usifikiri alikuwa jasiri. Shemasi aliogopa stima kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Tukiwa tunapiga, hakuketi. Alikuwa anatembea kando ya waya kutoka jenereta mpaka jukwaani na kurudi, macho chini, shavu linamchezacheza. Mtoto akiruka waya, anafoka. Wingu likitokea, anatazama juu, anatazama ampi, anatazama juu tena, mpaka sisi wenyewe tunakosa raha ya kupiga. Nyumbani kwake hakukuwa na stima. Nguzo ilikuwa imesimama karibu na boma lake, majirani wote wamevutiwa stima, yeye anasoma Biblia kwa taa ya mafuta. Nilimwuliza, Shemasi, wewe ndiwe wa kukaa gizani kweli? Akanijibu, "Mimi na yeye tunaonana kazini tu. Siwezi kulala naye nyumba moja."

Jambo lingine lililotushinda kuelewa ni kanisa. Kwao, nyimbo zetu zilikuwa za dunia, na shemasi hawezi kuonekana kwenye dansi. Yeye alikuja na pamba. Tukianza tu, anaziba masikio, anaendelea kutembea kando ya waya wake. Alisema hivi: analinda watu wa Mungu wasife kabla hawajaokoka, na pamba ni kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Sawa. Lakini siku moja nikamkuta nyuma ya gari anakunja waya huku anaimba wimbo wangu, ule wa mwanamume aliyetoroka na mbuzi wa mahari, mstari kwa mstari, hata pale ninapocheka katikati. Nikamwambia, pamba yako inavuja.

Sasa niseme habari ya Mutomo.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Tulialikwa harusi kule, na njia nzima tuliona ng'ombe wamebaki mbavu. Ardhi ya namna hiyo, Shemasi alisema, ni mbaya kwa fimbo. Udongo mkavu haupokei stima, unaikataa. Dawa yake ni chumvi na maji: unapigilia fimbo, unamwaga maji ya chumvi pale inapoingilia, na udongo unafungua mdomo. Kwingine kote hilo lilikuwa jambo dogo. Mutomo, mwaka ule, alienda akaomba mtungi mzima wa maji.

Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyesimamia maji, mama mmoja wa kanisa mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili.

"Hii maji unapeleka wapi?" akamwuliza.

"Napatia chuma, mama."

"Chuma inakunywa maji?"

"Hapa kwenu ndiyo inakunywa zaidi."

Alipewa, kwa sababu bwana harusi mwenyewe aliingilia. Lakini shangazi na akina mama wenzake walimfuata kwa macho. Wakamwona anapigilia fimbo ardhini, anatoa pakiti ya chumvi mfukoni, anachanganya na maji, anamwaga polepole akizunguka ile fimbo huku midomo inamchezacheza. Yeye alikuwa anaimba wimbo wa kitabu cha nyimbo za kanisa, tabia yake akiwa na wasiwasi. Wao hawakusikia wimbo. Waliona mtu wa bendi anazika chuma, anamwagia chumvi na maji yao, ananong'ona. Tena harusini, ambapo maadui wa bibi na bwana hawakosi. Na wewe unajua jinsi sisi Wakamba tunavyosemwa kuhusu mambo hayo ya uchawi, na jinsi tunavyosemana wenyewe.

Tulipiga nyimbo za kwanza vizuri. Tukasimama ili watu wapate kula na wazee watoe mawaidha. Shemasi alikula amesimama. Sisi tukaitwa tena, na kwa kuwa mitambo ilikuwa imeshajaribiwa asubuhi, Kimeu akawasha jenereta akaniambia nipande. Nikavaa gitaa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye nyuzi, natafuta kamba ya kwanza, nimeinamia maiki, nikasikia mtu anapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Rudi nyuma! Mwiitu, rudi nyuma!"

Alikuwa anakuja mbio, Shemasi ambaye hakukimbia hata mvua. Hakuja kwangu. Alienda kwa jenereta, akaizima kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeganda, mdomo umbali wa kidole kutoka kwa maiki. Nikageuka kuona anachoonyesha. Pale fimbo ilipokuwa pamebaki shimo lenye unyevu. Waya wake ulikuwa umelala kando bila kitu.

"Nani ametoa?" akauliza.

Shangazi hakujificha. "Mimi. Nimeitoa kwa jina la Yesu, nikaitupa kwa miiba. Hamtazika uchawi kwa boma la ndugu yangu."

Woi. Shemasi wa kanisa, mtu wa pamba masikioni, anaambiwa mchawi mbele ya umati. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Akawafukuza watu wote kutoka jukwaani, akawasha jenereta, akapanda peke yake, akainua testa, akaigusisha kwenye maiki. Kataa kakawaka. Mchana ule, kwenye jua lile, wote tulikaona kakiwaka.

"Mama," akamwambia shangazi, "hii ndiyo ilikuwa inamngojea huyu msichana. Uchawi wangu ulikuwa wa kuizuia."

Mama yule aliweka mkono mdomoni. Lakini hata hapo mambo hayakuisha. Shemasi alitafuta ampi iliyokuwa inavujisha stima, akaitoa. Fimbo ililetwa kutoka kwenye miiba, akaipigilia upya. Kufikia hapo jua lilikuwa limeshakausha udongo, akataka maji tena. Hayakuwepo. Yaliyobaki yalikuwa ya watoto na ya wagonjwa, na shangazi alisema hivyo bila ukali wowote, macho yamemjaa machozi. Bwana harusi anabembeleza, Kimeu anatukana chini kwa chini, wageni wanaanza kuondoka, na Shemasi amefunga mikono. Bila maji hakuna muziki. Nilimkasirikia. Ndiyo, yeye aliyeniokoa dakika chache nyuma, nilimkasirikia kwa kuwa mgumu hivyo.

Ni yeye mwenyewe aliyegeuka akaona beseni. Watu walikuwa wamenawa mikono kabla na baada ya kula, na maji yale machafu, ya sabuni na mafuta ya nyama na chumvi ya chakula, yalikuwa yamekaa tu yakingoja kumwagwa kwenye miti. Akaenda, akainua beseni kwa heshima kama mtu aliyebeba sadaka, akalimwaga kwenye fimbo. Akajaribu. Akajaribu tena. Akaniita kwa kidole.

Tangu siku hiyo hakuomba tena maji safi popote. Tukifika mahali, kabla hajaulizia jenereta anaulizia watu watanawia wapi, na hapo ndipo anapopigilia. Bendi nyingine zilitucheka kwamba tunaweka mitambo karibu na masufuria. Walioiga baadaye ni hao hao.

Miaka ikapita. Kimeu akanunua mitambo mipya, Shemasi akachoka kusafiri, akarudi kukaa Kasikeu na taa yake ya mafuta. Nikasikia amepatwa na kiharusi. Nikasikia upande mmoja umelala na maneno yamempotea. Nilichelewa kwenda, si kwa kukosa nafasi. Nilikuwa naogopa kumwona akiwa amenyamaza. Mwishowe nikaenda Jumapili moja, nikaambiwa yuko kanisani, kuna ubatizo.

Niliwakuta nje. Walikuwa wamejenga tangi la matofali kando ya kanisa na kulijaza maji. Yeye alikuwa ameketishwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, mkono wa kulia umelala pajani. Mimi nikaelekezwa nyuma. Walinijua ni mwimbaji wa dansi, nami nilikuwa nimevaa suruali, sikubisha. Kanisa lilikuwa limepata spika mpya, kubwa, na pastor, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, alitaka hata walio barabarani wamsikie. Mama mmoja alikuwa ameshaingia kwenye tangi, maji yanamfika kiunoni, anatetemeka kwa baridi na furaha. Pastor akapandisha kanzu. Akaketi juu ya ukuta wa tangi, mguu mmoja nje, mguu mmoja juu ya maji. Mkononi alikuwa na maiki, na waya wake ulitoka dirishani mwa kanisa, ukapita kwenye matope, ukapanda ukuta pamoja naye.

Hapo Shemasi akapiga kelele.

Hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti tupu, inapanda na kushuka, ulimi unajigonga. Akainuka, sijui kwa nguvu gani, akashikilia kiti kwa mkono wa kushoto, anapiga kelele akimtazama pastor. Na kanisa lote likalipuka. "Haleluya! Amina! Shemasi ameshukiwa na Roho!" Wamama wakainua mikono, wengine wakaanza kulia. Mtu asiyesema kwa miezi ananena kwa lugha, ungefikiri nini? Mimi niliutazama ule waya, na shavu langu likaanza kucheza lenyewe. Nikaita, "Pastor! Pastor!" Sauti yangu, inayojaza uwanja, ikamezwa na amina. Stima ilikuwa ndani ya kanisa, ng'ambo ya umati wote. Nikaanza kusukuma watu.

Shemasi alizidi. Pastor, mguu bado juu ya maji, akainua mkono watu wanyamaze. Katika kanisa lile kuna utaratibu: mtu akinena kwa lugha, lazima apatikane wa kutafsiri, ndipo ibada iendelee.

"Roho amesema," pastor akasema kwenye maiki. "Ni nani hapa ana tafsiri?"

Wazee wakatazamana. Mguu wa pastor ukashuka kidogo.

"Ni mimi," nikasema.

Waligeuka wote. Nikaona wanavyoniangalia, kutoka suruali mpaka nywele. Mwanamke wa dansi. Mzee mmoja akasema, "Huyu?" Lakini Shemasi alikuwa amenyoosha ule mkono mzima kunielekea, kidole kinaniita, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

"Anasema usiingie na maiki," nikamwambia pastor. "Anasema uishushe chini, uishushie upande wa nje, utoe mguu. Anasema hiyo waya imetoka kwa stima, na stima na maji vikikutana utakufa, na huyu mama atakufa pamoja na wewe. Anasema ubatize kwa koo lako. Ndiyo tafsiri. Hakuna ingine."

Pastor alinitazama, akamtazama Shemasi. Shemasi alikuwa anatikisa kichwa juu na chini, mate yanamtoka, analia kwa hasira. Pastor akautoa mguu. Akampa maiki ndugu aliyesimama nje, waya ukang'olewa, spika zikatoa mlio mdogo zikafa. Yule mama kwenye maji hakuelewa lolote, alikuwa bado anatabasamu. Nikakaa chini kwenye matope hapo hapo.

"Bwana asifiwe," pastor akasema kwa koo lake, sauti ndogo ya mtu wa kawaida. "Bwana mwenyewe amesema nasi leo."

"Amina!" kanisa likaitika.

Hapo Shemasi akaanza tena. Akajipiga kifua kwa mkono wa kushoto. Akajipiga tena, na tena, anawageukia watu, anaguna, anajipiga. Wamama wakalia zaidi. Wakasema anajitoa upya kwa Bwana.

Pastor akanigeukia. "Dada, na hilo? Tafsiri."

Nilimtazama Shemasi. Nilijua kabisa anasema nini; ni yule yule wa kutaka kutangazwa kabla yetu. Ningeweza kusema kitu cha kufaa kanisa, na kila mtu angeenda nyumbani ametulia.

"Anasema ni yeye Shemasi amesema," nikajibu. "Si mwingine. Ni yeye."

Shemasi akalinyoosha koti lake, akaketi.